Gemu ya mbinu kwa mcheza bao: kisa cha PS4 moja na wachezaji wawili

Swali lililozaa kisa hiki lilikuwa fupi: tununue gemu gani? Muulizaji ni shemeji yangu wa Tanga, mume wa dada. Nyumbani kwao kuna PS4 (PlayStation 4, mashine ya kuchezea gemu) ya mtumba iliyochomekwa kwenye televisheni ya sebuleni, na tangu ifike haijachezewa kingine zaidi ya mpira. Mpwa wangu, kijana wa kidato cha pili, amechoka kumfunga baba yake, na baba naye amechoka kufungwa. Wakakubaliana watafute mchezo mmoja wa kucheza wote wawili, wa kufikiri, usiompendelea mwenye vidole vyepesi. Fedha iliyopo ni ya gemu moja tu, na dada ameshasema ya pili isitajwe mpaka mwaka uishe.

Shemeji ni mcheza bao, na hilo ndilo lililobeba uamuzi wote. Si bao la kupitisha muda. Ni wale wa barazani baada ya alasiri, wanaohesabu kete za mwenzao kwa macho na kujua ya mwisho itaangukia shimo gani kabla mkono haujainuka. Aliposikia kuna gemu za vita zinazochezwa kwa zamu, kwenye uwanja wa miraba, ambako unaruhusiwa kufikiri mpaka chai ipoe, alinipigia simu siku hiyohiyo.

Ukoo wa gemu hizi ni mrefu. Fire Emblem ya kwanza ilitoka kwenye Famicom, mashine ya zamani ya Nintendo, mwaka 1990. Mwaka 1995 ikaja Tactics Ogre kwenye Super Famicom, mrithi wa Famicom, chini ya mtunzi wa gemu Yasumi Matsuno, na miaka miwili baadaye Matsuno huyohuyo, akiwa ameshahamia kampuni ya Square, akatoa Final Fantasy Tactics kwenye PlayStation ya kwanza. Mwendo haujabadilika sana tangu hapo: una kikosi kidogo, uwanja wenye miinuko na mabonde, kila mhusika anasogea kisha anatenda, na kadiri anavyopigana ndivyo anavyokua na kujifunza ujuzi mpya. Kwa mbali zote zinafanana. Ukikaa nazo sebuleni na watu wawili na pedi moja, ndipo unapoona zilivyo mbali.

Chujio la kwanza halikuhitaji hekima yoyote. Mpwa wangu alikuwa ameshajichagulia Fire Emblem: Three Houses, ya mwaka 2019, kwa sababu ameitazama kwenye video mpaka anawajua kwa majina wanafunzi wa Garreg Mach, chuo cha ndani ya gemu hiyo.

"Mjomba, hiyo si ipo na ya PS?"

"Haipo, na usiingoje. Hiyo ni ya Nintendo."

Alinuna kidogo. Ikafuata Baldur's Gate 3, ikaanguka kwa sababu ileile: upande wa PlayStation inataka PS5. Mtu akikuomba ushauri wa gemu, muulize kwanza ana mashine gani, tena umwambie akasome maandishi yaliyo kwenye boksi. Watu wengi husema "PS" tu na kuona wamemaliza.

Zilizobaki kwa PS4 bado zilikuwa nyingi. Disgaea 7 niliiweka pembeni mapema: inachekesha, lakini utamu wake ni kupandisha viwango hadi maelfu, na shemeji si mtu wa kurudia pambano lilelile jioni nzima ili namba iongezeke. Valkyria Chronicles 4 ya mwaka 2018 ni nzuri kuliko sifa inayopewa, ila ndani yake unamshika askari na kumkimbiza mwenyewe huku risasi za adui zikimfuata, na hapo tungekuwa tumerudi kwenye vidole. Zikabaki nne: XCOM 2, Unicorn Overlord, Tactics Ogre: Reborn na Final Fantasy Tactics: The Ivalice Chronicles.

XCOM 2 tuliijaribu bure, kwa sababu diski yake ninayo na nilikwenda nayo Tanga. Dunia imetawaliwa na wageni kutoka angani, wewe unaongoza waasi. Mchezo mzuri sana, na kwa nyumba ile haukufaa kabisa. Zamu ya tatu tu, askari wa shemeji alisimama karibu na adui, skrini ikaandika asilimia 85, akafyatua, akakosa.

"Shemeji, huyu yuko hatua mbili. Anakosaje?"

Nilimweleza kuhusu asilimia, akanielewa vizuri, maana si mtoto. Nikarudi nyumbani nikiwa na hakika kwamba tatizo ni bahati, na kwamba nitafute gemu isiyo na bahati kabisa. Lakini jioni ya pili nilimtazama kwa makini zaidi. Risasi zikikosa, alikuwa anaguna na kuendelea. Kilichomfanya aweke pedi chini kilikuwa kingine: kikosi chake kilisogea hatua moja kwenye giza la ramani, na maadui watatu ambao hawakuwepo wakawepo, wakapata nafasi ya kujipanga. Hapo ndipo aliposema, "Huu mchezo unacheza na kete za mfukoni."

Kwenye bao kete zote 64 ziko machoni pa watu. Unashindwa kwa sababu mwenzako ameona mbali kuliko wewe, basi, si kwa sababu kuna shimo ambalo hukuonyeshwa. Shemeji hakuwa na ugomvi na bahati, alikuwa na ugomvi na kufichwa. Kuanzia hapo swali langu likabadilika. Sikuuliza tena ni gemu ipi bora, au ipi imesifiwa zaidi, au hata ipi ni rahisi. Nikauliza kila moja inamficha nini mchezaji kabla hajaamua.

Ukipima hivyo, Unicorn Overlord ndiyo iliyotakiwa kushinda. Ni ya studio ya Vanillaware, ilitoka Machi 2024, na kabla vikosi viwili havijagongana inakuonyesha matokeo: huyu atabaki na uhai kiasi hiki, yule atakufa. Hakuna uwazi uliozidi huo. Ina toleo la majaribio la bure, tukalipakua kwa bando la usiku. Picha zake zimechorwa kwa mkono na zilimpendeza hata dada, ambaye kwa kawaida hupita sebuleni bila kugeuza shingo.

Shemeji alipanga kikosi, akakituma barabarani, kikakutana na adui, halafu wahusika wakaanza kupigana wenyewe.

"Sasa mimi nafanya nini?"

"Unatazama, baba," mwanawe akamjibu.

Ndivyo ilivyo. Kazi yako ni ya kabla ya pambano: nani akae mbele, nani nyuma, na kwa sharti gani ampige nani. Mpwa wangu aliipenda na angeweza kuicheza peke yake likizo nzima. Ila ramani inakwenda kwa muda halisi, ukiisimamisha unapotaka, na hilo linampa nafasi mwenye haraka. Na watu wawili hawawezi kugawana kitu ambacho hakuna hata mmoja anayekishika. Tukaifuta kwenye mashine, mpwa akiwa haniangalii usoni.

Zikabaki mbili za Matsuno, na hapa ndipo palipokuwa na kazi. Zote mbili zinaweka karibu kila adui uwanjani tangu pambano linapoanza. Zote mbili zinakupa hesabu kabla ya pigo: nafasi ya kumpata na madhara utakayofanya. Zote mbili ni hadithi za vita vya kugombea utawala, zenye watu wanaosalitiana. Mtu anayezijua kwa juujuu angerusha shilingi.

Tactics Ogre: Reborn ilitoka Novemba 2022, ikiwa imejengwa juu ya toleo la mwaka 2010 la PSP, PlayStation ya mkononi. Uwanjani unaingiza hadi watu 12. Kwa mtu aliye peke yake na mchana mzima hiyo ni raha. Kwa nyumba ambayo televisheni hurudi kwa dada inapofika saa mbili kamili ya habari na tamthilia zinazofuata, ni tatizo: mapambano makubwa yanakula jioni yote. Reborn pia hutawanya kadi za nguvu uwanjani wakati vita vinaendelea, na anayezikanyaga anapata nyongeza ya nguvu kwa pambano lile. Zinachipuka zinapotaka. Nilijua hata kabla ya kumwonyesha shemeji kwamba angeziita kete za mfukoni. Kisha kuna karata ya Chariot, inayokuruhusu kurudisha nyuma zamu hadi 50 na kucheza upya. Wengi wanaisifu, nami nikicheza mwenyewe ninaitumia bila aibu. Kati ya baba na mwana anayebishana naye kila hatua, ingekuwa kesi isiyokwisha.

Kingine ni hadithi. Mapema kabisa Tactics Ogre inamweka kijana Denam mbele ya amri ya kuua watu wa kabila lake mwenyewe katika mji wa Balmamusa, ili lawama wabebeshwe maadui. Ukikubali au ukikataa, mchezo unachukua njia tofauti. Ni uandishi mkubwa, sijaona gemu nyingi zilizothubutu kiasi hicho. Shemeji aliishi Kigoma miaka ambayo wakimbizi walikuwa wanavuka kutoka ng'ambo. Nilipomsimulia tukio hilo kwenye simu alikaa kimya, halafu akasema hiyo ataicheza na mwanawe, lakini si kwanza.

Basi tukaangukia The Ivalice Chronicles, iliyotoka tarehe 30 Septemba 2025, ikiwa ni Final Fantasy Tactics ya mwaka 1997 iliyotengenezwa upya. Ndani yake kuna matoleo mawili: la zamani kwa wanaolikumbuka, na lililoboreshwa, lenye sauti za waigizaji, kuhifadhi kwenyewe, ngazi tatu za ugumu na orodha ya zamu inayoonekana muda wote. Sitamwambia mtu kwamba ni kamili. Nyongeza za toleo la PSP la mwaka 2007, kama kazi ya Dark Knight, hazimo, na waliozizoea wana haki ya kulalamika. Kwa watu wawili ambao hawajawahi kuigusa, pengo hilo halipo.

Sababu zilizonifanya niichague hazionekani kwenye tangazo lolote. Ya kwanza ni mpangilio wa zamu. Katika XCOM na Fire Emblem, upande wako wote unasogea, kisha upande wa adui wote. Watu wawili wakigawana kikosi, pedi inabadilisha mkono mara moja, na mmoja anabaki kutazama kwa muda mrefu. Katika Final Fantasy Tactics kila mhusika ana kasi yake, na zamu za wako na za adui zinachanganyika: mchawi wako, mpiga upinde wao, shujaa wako, mwingine wao. Wakigawana wahusika, pedi inakwenda na kurudi pambano zima. Gemu ni ya mchezaji mmoja, lakini mwendo wake unakubali watu wawili bila kulazimishwa.

Ya pili ni bahati yenyewe. Ipo, kwa sababu ngao inaweza kukinga na pigo linaweza kukwepwa. Ila uelekeo wa mwili una maana. Ukimshambulia mtu kwa mbele, anatumia kila kinga aliyonayo. Ukimjia ubavuni, baadhi zinaondoka. Ukimjia mgongoni, karibu zote hazimsaidii. Kwa hiyo asilimia unayoiona haijashuka kutoka mbinguni, umeinunua kwa miguu. Shemeji alilielewa hilo ndani ya pambano moja, na tangu hapo hamalizi zamu bila kuamua mtu wake ageukie wapi.

Ya tatu ilikuwa ya mpwa wangu: kazi. Mhusika anaanza kama Squire au Chemist, na kwa kupigana anafungua nyingine, Knight, Archer, Monk, wachawi weupe na weusi, na kuendelea. Ujuzi aliojifunza kwenye kazi moja anaweza kuubeba kwenda nyingine. Kijana aliyeingia akidai Fire Emblem alisahau habari zake alipogundua anaweza kumfanya mchawi apigane kwa ngumi.

Kununua ni mada inayojitegemea. Tanzania haimo kwenye orodha ya nchi za duka la PlayStation, kwa hiyo watu hufungua akaunti ya nchi nyingine na kununua kadi za salio za nchi hiyohiyo. Kadi ya Marekani haiingii kwenye akaunti ya Uingereza, na wauzaji wengi hawakukumbushi. Hasara kubwa ya kupakua ni kwamba ukimaliza huna diski ya kumwuzia mtu. Nilimwambia shemeji wazi: hii hela hairudi.

Mgawanyo waliojipangia wenyewe: baba anashika Ramza, mhusika mkuu, na watu wa upanga, mwana anashika wachawi na tiba. Ugumu wakaweka wa kati. Kiingereza cha mchezo ni cha kizamani, cha mabwana na majumba, na shemeji hakipati chote. Sauti zinamsaidia kujua nani ana hasira, na mwanawe anamfasiria yaliyobaki kwa ufupi wa kikatili: "Huyu anasema wa juu kawauza." Sikutegemea kwamba hilo lingekuwa faida, lakini dada anasema ndicho Kiingereza kingi zaidi alichowahi kumsikia mtoto akikisema nyumbani bila kuulizwa.

Dorter iliwapiga, kama inavyowapiga wageni wengi. Ni pambano la mapema, kwenye vichochoro vya mji, wapiga upinde wakiwa juu ya majengo na wachawi nyuma yao. Mpwa alitaka kupanda kwa nguvu, wakafa. Akataka kupanda kwa haraka zaidi, wakafa tena. Mtu wako akianguka una hesabu ya zamu tatu za kumwinua, ikiisha anageuka kuwa fuwele au sanduku na amekwenda moja kwa moja. Walimpoteza Chemist wao hivyo, na mpwa hakula vizuri usiku ule. Shemeji ndiye aliyeona kwamba upinde unafika mbali zaidi ukiwa juu, kwa hiyo anayepanda anamlipa adui. Akawarudisha watu wote chini ya ukuta, mahali pasipopigika, wakakaa. Maadui wakalazimika kuja. Niliambiwa hayo kwa simu, pigo kwa pigo, na muda wa maongezi ulikuwa wangu.

Umeme ulikatika katikati ya pambano mara kadhaa, jambo lisilomshangaza mtu yeyote anayelipia LUKU. Kuhifadhi kwenyewe kuliwaokoa, walirudi karibu na walipokuwa. Kwa toleo la mwaka 1997 wangeanza pambano upya, na nadhani hapo ndipo kisa hiki kingekufa.

Kilichoharibika hakikuwa cha mashine. Baba anakwenda kazini, mwana yuko likizo, na mchezo huu unatoa uzoefu kwa karibu kila tendo. Kijana akaingia kwenye mapambano ya pembeni, akawa anawarushia mawe watu wake mwenyewe ili wajifunze kazi haraka. Baba akirudi anakuta wachawi wamekuwa miamba na mashujaa wake wamebaki nyuma. Kesi ililetwa kwangu na pande zote mbili kwa wakati mmoja.

"Mjomba, mimi nimekuza timu!"

"Shemeji, huyu kanichezea."

Wote wana haki. Hapa Tactics Ogre ingetuhudumia vizuri zaidi, kwa sababu Reborn ina dari ya kiwango inayopanda kadiri hadithi inavyosonga, na huwezi kuipita hata ukirusha mawe mwezi mzima. Final Fantasy Tactics haina breki ya namna hiyo. Suluhisho lilikuwa la kienyeji: nafasi mbili za kuhifadhi, moja ya pamoja na moja ya kijana, na ya pamoja haifunguliwi mmoja akiwa hayupo. Mpaka sasa sheria inashika, japo dada ndiye hakimu na nina shaka huwa anafumba macho.

Wako sura ya tatu. Nimewaonya kuhusu ngome ya Riovanes, ambako Ramza anasimama peke yake mbele ya mtu mmoja hatari sana, na asiyemjenga Ramza anakwama pale. Maana yake ni kwamba sehemu ya kwanza ya pambano lile ni ya baba tupu, mwana hana mtu uwanjani. Mpwa amepokea habari hiyo kwa furaha ambayo sijaielewa vizuri.

Nyumba ikiwa nyingine, jibu lingekuwa jingine. Wangekuwa na Switch, mashine ya Nintendo, ningemsikiliza kijana na Three Houses yake, au ningependekeza Triangle Strategy ya mwaka 2022, ambako maamuzi makubwa yanapigiwa kura na wenzako na wewe unaweza kuwashawishi tu. Kwa watu wazima wawili wenye PS5 ningesema Baldur's Gate 3 bila kufikiri, kwa kuwa inagawa skrini na kila mtu anashika pedi yake, ila ni ya umri wa miaka 18 na sebule ile ina watoto. XCOM 2 bado iko Tanga. Shemeji hajairudisha, na mpwa ameniambia kwamba mzee akidhani wengine wamelala, huwa anaiwasha.